Mzee Akianguka, Usiseme Ni Uzee Tu

Ndugu mkulima, ng'ombe wako wa maziwa akianguka zizini humwachi hivi hivi. Utatazama kwato zake, utauliza amekula nini, utaangalia kama ana kupe, na usipoona sababu utamwita Bwana Mifugo. Lakini mzee wa nyumba yako akianguka njiani akienda chooni, watu humwinua, humpangusa matope, kisha husema, "Ni uzee tu." Maneno huishia hapo, mpaka siku aangukapo tena, na mara hii hainuki.

Habari tunayokuletea mwezi huu ni kwamba maneno hayo si kweli. Kwa zaidi ya miaka 60 madaktari wa nchi mbalimbali wamekuwa wakichunguza jinsi wazee wanavyoanguka. Wameona ya kuwa kuanguka kuna sababu zake, kama vile ndigana ilivyo na kupe wake. Sababu hizo zaweza kuhesabiwa, na nyingi zaweza kuondolewa na mtu mwenye jembe, nyundo na fedha kidogo.

Jambo hili lawahusu sana watu wa skimu. Kijana aliyekuwa na miaka 25 alipopewa shamba lake mwaka 1963 sasa amekaribia miaka 90. Wale waliong'oa visiki, wakajenga nyumba za kwanza na kulipa mkopo wa ardhi kidogo kidogo, ndio hao leo wanaotembea kwa fimbo katika maboma yenu. Inafaa ujue namna ya kuwatunza.

HASARA YENYEWE

Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Katika ajali zote, ni ajali za barabarani tu zinazoua watu wengi kuliko hiyo. Tena, katika kila vifo 100 vya namna hiyo, zaidi ya 80 hutokea katika nchi zenye mapato madogo na ya kadiri. Walio katika hatari kubwa kupita wote ni watu wenye miaka 60 na zaidi.

Mfupa unaoleta taabu kubwa ukivunjika ni ule wa paja, pale juu karibu na nyonga. Mifupa hupungua nguvu kadiri umri unavyozidi, na ya wanawake hupungua upesi zaidi baada ya hedhi kukoma. Mzee aliyelazwa kitandani majuma mengi huweza kupata vidonda vya mgongoni na homa ya mapafu, na miguu yake huisha nguvu. Shamba nalo hupata hasara: mtu mmoja huacha kazi ili amwuguze, na huenda ng'ombe mmoja akauzwa kwa ajili ya matibabu.

MZIGO WA PUNDA

Tumtwae mama mmoja kwa mfano. Umri wake ni miaka 76. Ameamka saa kumi za usiku kwenda chooni. Nje kuna giza na mvua imenyesha. Amevaa patipati ambazo soli zake zimekuwa laini kama sabuni. Jicho lake la kulia lina ukungu mweupe. Jioni alimeza kidonge cha kumletea usingizi. Miguu yake imelegea, kwa maana wanawe walimkataza kukama tangu mwaka jana wakimwambia, "Mama, sasa pumzika." Mlangoni kuna kamba ya ndama iliyoachwa chini. Mama huyu akianguka, je, kosa ni la nini? Ni la giza, au ni la kamba, au ni la kidonge?

Swali hilo ndilo lililochunguzwa na daktari mmoja wa Marekani, Mary Tinetti, pamoja na wenzake katika mji wa New Haven. Habari zao zilitolewa mwaka 1988. Waliwafuata wazee 336 wenye miaka 75 na zaidi kwa muda wa mwaka mmoja, na karibu theluthi moja yao walianguka. Kisha wakahesabu kila mmoja alikuwa na mambo mangapi ya hatari, kama vile dawa za usingizi, udhaifu wa miguu, maumivu ya nyayo, au mwendo usio imara. Wazee wasiokuwa na jambo hata moja, katika kila 100 walianguka 8 tu. Wazee wenye mambo manne au zaidi, katika kila 100 walianguka 78.

Fikiri juu ya hesabu hiyo. Ni kama mzigo wa punda. Gunia la kwanza hulibeba, la pili hulibeba kwa shida, na la nne humwangusha. Jambo la kufurahisha ni hili: huna haja ya kuyashusha magunia yote. Ukiondoa moja au mawili, punda husimama tena. Mwaka 1994 madaktari hao walitoa habari za jaribio jingine. Walichukua watu 301 wenye miaka 70 na zaidi, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja walipunguziwa mambo yao ya hatari, kila mtu kwa hali yake. Kundi la pili walitembelewa tu na kuzungumza nao. Kwa mwaka mmoja, katika kundi la kwanza walianguka 35 katika kila 100, na katika kundi la pili walianguka 47.

KITI CHA HESHIMA KINAWEZA KUDHURU

Sasa tuseme jambo ambalo watu wengi hawapendi kulisikia. Sisi huwaheshimu wazee kwa kuwapa kiti. Twamwambia baba aketi juani, twamletea chai, twampokonya jembe mkononi. Twafanya hivyo kwa upendo. Lakini mguu usiotumika hupungua, kama vile maziwa ya ng'ombe asiyekamwa yanavyokauka. Mzee aliyeketishwa mwaka mzima hawezi kujishika akijikwaa, kwa sababu nguvu za paja zimekwisha na mwili umesahau namna ya kusimama sawasawa.

Madaktari wa chuo cha Otago katika nchi ya New Zealand walilijaribu jambo hili katika mji wa Dunedin. Waliwachukua akina mama 233, wote wenye miaka 80 na zaidi, ambao waliishi majumbani mwao. Nusu yao walifundishwa mazoezi ya kutia miguu nguvu na ya kusimama imara, wakaambiwa pia watembee. Mwalimu aliwafikia nyumbani mara nne tu katika miezi miwili ya kwanza, kisha wakaendelea wenyewe. Habari zilitolewa mwaka 1997. Kwa mwaka mmoja kundi lisilofanya mazoezi lilianguka mara 152, na kundi la mazoezi lilianguka mara 88. Kumbuka kwamba hao si vijana. Ni nyanya wa miaka 80 na zaidi.

Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio mengi ya namna hii kutoka nchi mbalimbali. Waliona ya kuwa mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa karibu robo, na yaliyofaa hasa ni yale yanayomzoeza mtu kusimama bila kuyumba.

Mazoezi yenyewe hayahitaji chombo cha kununua. Mzee na asimame karibu na meza nzito au nguzo ya baraza apate kuishika, na mtu mwingine awe karibu naye siku za kwanza. Afanye hivi:

1. Aketi juu ya kiti kigumu kisichoyumba, ainuke na kuketi tena, mara tano, kisha mara kumi. Akiweza, asijisukume kwa mikono.

2. Asimame huku ameshika meza, ainue visigino akisimama juu ya vidole, kisha ashushe polepole.

3. Aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, asimame hivyo kwa hesabu ya kumi. Akizoea, atembee hivyo kandokando ya ukuta.

4. Asimame kwa mguu mmoja huku ameshika meza, kisha abadilishe.

5. Atembee kwa upande hatua kumi kwenda na kumi kurudi.

Mambo haya yafanywe mara tatu kwa juma, kwa nusu saa hivi, na siku nyingine atembee. Anayeumwa na moyo, au anayepata kizunguzungu, aulize kliniki kwanza. Mzee akianza na kuacha baada ya majuma mawili, hatapata faida. Ni kama palizi: magugu hayangoji.

Wala usimwondolee kazi zote. Mpe kazi iliyo salama na inayomsimamisha: kulisha kuku, kuchambua maharagwe akiwa amesimama mezani, kutembea mpaka mahali pa kupeleka maziwa na kurudi kukiwa kukavu. Chakula nacho kina kazi yake, kwa maana nyama ya mguu haijengwi kwa chai na mkate peke yake. Usiuze maziwa na mayai yote ukamwachia mzee uji mtupu. Maharagwe, maziwa, mayai na omena vinamfaa.

TENGENEZA BOMA LAKO

Katika nchi hiyo hiyo ya New Zealand kuna jimbo liitwalo Taranaki, nalo ni maarufu kwa ng'ombe wa maziwa. Huko wataalamu walichagua nyumba 842 za zamani. Baadhi yake zilitengenezwa mara moja, na nyingine zikangoja zamu yao. Kazi zilizofanywa zilikuwa ndogo: kuweka mti wa kushikia penye ngazi na penye mahali pa kuogea, kuweka taa nje, kutia alama ukingo wa ngazi za nje, na kuzuia utelezi barazani. Habari zilitolewa mwaka 2015. Katika nyumba zilizotengenezwa, maumivu yaliyotokana na kuanguka nyumbani yalipungua kwa 26 katika kila 100. Waliofaidika ni watu wa rika zote waliokaa humo.

Nyumba zetu si kama zao, lakini miguu ni ile ile. Basi, jioni ya leo tembea katika boma lako polepole kama mzee, kutoka kitandani mpaka chooni, kutoka jikoni mpaka zizini, ukatazame yafuatayo.

Njia ya choo. Hapa ndipo pa kuanzia, kwa maana mzee hupita hapo usiku. Ondoa mawe na mizizi, mwaga changarawe, chimba mfereji kando ili maji yapite. Chomeka nguzo na ufunge mti wa kushikia kutoka mlango wa nyumba mpaka chooni. Ndani ya choo weka mti mwingine imara ukutani, upate kumsaidia kuinuka. Fundi akiweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, ni bora zaidi. Usiku wa mvua, ndoo yenye kifuniko chumbani si aibu.

Mlango wa jikoni. Watu wengi humwaga hapo maji ya vyombo kila siku, na udongo huwa kama mafuta. Mwaga maji hayo kwenye migomba au bustani ya mboga.

Vizingiti na ngazi. Paka chokaa nyeupe ukingo wa kila ngazi na kila kizingiti. Fedha yake ni kidogo, na jicho dhaifu huiona hata jioni.

Mwanga. Tochi ndogo au taa ya jua iwekwe kando ya kitanda mahali pale pale kila usiku, ili mzee aipate bila kutafuta.

Sakafu. Ondoa gunia lililokunjamana mlangoni na kapeti iliyojikunja pembe. Mpe kila mtoto amri moja: kamba, jembe na ndoo havilali njiani.

Viatu. Viatu vya mzee viwe vya kufunga mguu vizuri, vyenye soli iliyochongwa na kisigino kifupi. Patipati zilizolainika na soksi peke yake juu ya saruji zimewaangusha wengi. Buti za mpira zilizo kubwa kuliko mguu nazo ni hatari.

Fimbo. Fimbo nzuri hufika kwenye kifundo cha mkono mtu akisimama wima na mkono umeshuka. Itiwe mpira chini. Fimbo iliyo ndefu mno humsukuma mtu nyuma.

MACHO NA DAWA

Ukungu mweupe katika jicho, ambao twauita mtoto wa jicho, si ugonjwa wa kuvumilia. Hutolewa kwa upasuaji mfupi. Katika mji wa Nottingham nchini Uingereza, akina mama 306 wenye zaidi ya miaka 70 walichunguzwa. Baadhi walipasuliwa jicho la kwanza mapema, wengine wakangoja. Habari zilitolewa mwaka 2005: waliopasuliwa mapema walipunguza kuanguka kwa theluthi moja hivi. Kwa hiyo usimngoje mzee mpaka awe kipofu. Ukisikia madaktari wa macho wanakuja katika hospitali ya karibu, mpeleke.

Dawa nazo zataka uangalifu. Dawa za usingizi, za kutuliza wasiwasi, na nyingine za presha humfanya mzee ayumbe, hasa ainukapo ghafula. Usimkataze mzee kumeza dawa aliyopewa, kwa maana kuacha dawa ghafula kwaweza kumdhuru vibaya. Lakini kusanya dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile za dukani, uzipeleke kliniki na kuuliza, "Je, mzee angali anazihitaji zote hizi?" Swali hilo ni haki yako. Mfundishe pia kuketi ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kusimama. Pombe ya jioni na vidonge havipatani kabisa.

Wala usidanganywe na dawa ya mkato. Huko Australia, akina mama wazee zaidi ya 2,000 walihusika katika jaribio la vitamini D, na wale walioipewa walimeza kipimo kikubwa mno mara moja kwa mwaka ili kuwakinga. Habari zilitolewa mwaka 2010: waliopewa vitamini hiyo walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa. Zaidi si bora.

AKIANGUKA, FANYA HIVI

Usikimbilie kumvuta kwa mikono. Ngoja kidogo, zungumza naye, uliza ni wapi panapouma. Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeuka nje, au hawezi kuuinua, fikiri kwamba mfupa wa paja umevunjika. Usiukande wala kuunyosha. Mfunike blanketi, mwache mguu ulivyo, utafute gari. Mzee mwenye mfupa wa paja uliovunjika asipandishwe kwenye pikipiki. Alazwe juu ya ubao au mlango. Afike hospitali siku ile ile, kwa kuwa madaktari hupenda kuutengeneza mfupa huo mapema, ndani ya siku mbili ikiwezekana, ili mgonjwa asimame upesi.

Akiwa amegonga kichwa, mwangalie kwa majuma kadhaa. Damu ya mzee huweza kukusanyika polepole ndani ya fuvu. Akianza kuumwa na kichwa, kusinzia mchana au kuchanganyikiwa, usiseme amelogwa wala amezeeka. Mpeleke hospitali.

Mzee asiyeumia naye hufaa ajue kuinuka. Daktari Tinetti aliona ya kuwa karibu nusu ya wazee walioanguka bila kuumia walishindwa kuinuka wenyewe. Basi mfundishe siku ya jua, juu ya mkeka: ajigeuze ubavu, apige magoti, atambae mpaka kwenye kigoda au kiti, aweke mikono juu yake, apandishe mguu mmoja wenye nguvu, kisha aketi. Avae filimbi shingoni, au awe na simu mfukoni, apate kuita.

MASWALI MATATU

Leo jioni muulize mzee wako maswali haya matatu kwa adabu. Je, Baba, umeanguka katika mwaka huu uliopita? Je, wajiona huna imara ukisimama au ukitembea? Je, waogopa kuanguka? Wazee wengi huficha, kwa hofu ya kukatazwa kutoka nje. Kwa hiyo mwambie kwanza kwamba humfungii, wataka aendelee kutembea. Akijibu "ndiyo" hata mara moja, mjulishe mhudumu wa afya wa kijiji, au mpeleke kliniki.

Waweza kumpima pia. Aketi kitini, ainuke, atembee hatua za kawaida mita 3, ageuke, arudi, aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, miguu yake yahitaji msaada.

Ndugu mkulima, hukungoja ng'ombe wafe ndipo uwaogeshe. Usingoje mama avunjike mguu ndipo uchimbe mfereji wa njia ya choo. Anza na gunia moja la mzigo ule: kamba iondoke mlangoni, chokaa ipakwe kizingitini, tochi iwekwe kitandani. Juma lijalo shusha la pili. Na kesho asubuhi, mama akiomba kuja nawe zizini, usimwambie apumzike. Mpe mkono, mwende pamoja.